Moto wa jengo la Grenfell, London: chanzo kilikuwa jokofu au ukuta?

Zainabu wa Kinondoni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa jengo la ghorofa jijini Dar es Salaam, na mwenye jengo ametujulisha kwamba anakusudia kulivalisha vibao vya alumini kwa nje, vile ambavyo mafundi wengi huviita alukobondi bila kujali kampuni iliyovitengeneza. Katika kikao kilichopita mkazi mwenzetu mmoja aliuliza kama vibao hivyo si vya aina ile iliyoungua katika jengo la Grenfell jijini London, usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, katika moto uliowaua watu 72. Mwakilishi wa mkandarasi alijibu kwa kujiamini kwamba moto ule ulisababishwa na jokofu, kwamba tume ya uchunguzi ya Uingereza ilithibitisha hivyo, na kwamba anayeogopa moto aanze kwa kukagua jikoni kwake. Mjadala ukaishia hapo, kwa sababu hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na la kumjibu.

Nimesoma kiasi tangu siku hiyo, na kweli jokofu linatajwa. Hata hivyo kuna jambo linalonishinda kulielewa. Majokofu huungua katika miji mingi, na kwa kawaida hasara huishia katika jiko moja, au ikizidi sana katika nyumba moja. Grenfell lilikuwa jengo la zege lenye ghorofa 24, lililokamilika mwaka 1974. Ikiwa chanzo ni jokofu, imekuwaje moto ulioanzia ghorofa ya 4 ukaua watu waliokuwa ghorofa ya 23? Naomba wenye utaalamu wanisaidie kupambanua, maana kikao kijacho ndicho kitakachopiga kura, na ningependa kuingia nikiwa na maelezo yanayoweza kusimama mbele ya mtu anayeijua kazi yake.

Fundi Masanja, Mwanza:

Bi Zainabu, mimi ni fundi umeme wa majumbani, na suala hili nimelifuatilia kwa karibu kwa sababu kwetu kila moto unapozuka neno la kwanza kutajwa ni hitilafu ya umeme, mara nyingi hata kabla majivu hayajapoa. Nilitaka kujua kama London nako walilitaja kwa mazoea tu au walikuwa na ushahidi. Ushahidi walikuwa nao.

Mkazi wa nyumba namba 16, ghorofa ya 4, aliamshwa na king'ora cha moshi, akaingia jikoni na kuona moshi ukipanda nyuma ya jokofu lililokuwa karibu na dirisha. Simu ya kwanza kwa zimamoto ilipigwa saa 6 na dakika 54 usiku. Jokofu lenyewe lilikuwa kubwa, lenye friza chini yake, la Hotpoint, aina ya FF175BP. Mabaki yake yalichunguzwa na wataalamu, mmoja wao akiwa mhandisi wa umeme Duncan Glover, ambaye alielekeza kidole kwenye waya mmoja katika sehemu ya kompresa ambao kichwa chake hakikubanwa sawasawa. Yeyote aliyefanya kazi yetu anaijua hatari hiyo: kiungo kilicholegea huongeza ukinzani, ukinzani huzaa joto, joto hulegeza kiungo zaidi na kuunguza ganda la waya, mpaka siku moja waya zikagusana na plastiki iliyo jirani ikashika moto. Glover alieleza pia kwamba viwango vya Uingereza vya wakati ule viliruhusu mgongo wa jokofu uwe wa plastiki, ilhali Marekani majokofu hufunikwa nyuma kwa bati la chuma, ambalo huusaidia moto mdogo ubaki mahali ulipo.

Kampuni ya Whirlpool, iliyokuwa na chapa hiyo, ilibisha. Mawakili wake walitoa hoja kwamba huenda sigara iliyotupwa kutoka juu iliingia kupitia dirishani. Mwenyekiti wa tume, jaji mstaafu Sir Martin Moore-Bick, aliikataa hoja hiyo katika ripoti yake ya kwanza ya Oktoba 2019, akaamua kwamba moto ulianzia katika jokofu kutokana na hitilafu ya umeme. Kabla ya hapo, Mei 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba aina ile ya jokofu haikuwa na hatari ya kulazimisha kuyarudisha kiwandani majokofu yaliyobaki mikononi mwa watu.

Kwa hiyo mkandarasi wenu hakusema uongo kuhusu mahali moto ulipoanzia. Alichokiacha ni kile ambacho mwenyekiti alikiongeza hapo hapo: kwamba hakuweza kuithibitisha hitilafu yenyewe kwa undani, na kwamba jambo hilo lina uzito mdogo kuliko swali la namna gani kuharibika kwa kifaa cha kawaida cha nyumbani kuliweza kuleta maafa ya kiasi kile. Nawaachia wahandisi wa majengo waendelee, kwani ukuta si fani yangu.

Mhandisi Achieng', Nairobi:

Nashukuru kwamba Fundi Masanja ameanza na jokofu, kwa sababu wapo watu wanaodhani kwamba kuushutumu ukuta kunahitaji kwanza kulikana jokofu. Hakuhitaji. Mchunguzi wa moto hujiuliza maswali mawili tofauti, nayo ni cheche ilitoka wapi, na baada ya kuwaka moto ulipata wapi njia na chakula. Mkandarasi amejibu swali la kwanza, kisha akalitumia jibu hilo kufunga la pili, ambalo ndilo hasa aliloulizwa na wakazi.

Tuifuate njia yenyewe. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 2016, madirisha ya Grenfell yalisogezwa nje ya mstari wa ukuta wa zamani wa zege ili yalingane na uso mpya. Nafasi iliyobaki kati ya zege na fremu mpya ilizibwa kwa utando wa mpira, povu la kuhami joto na vipande vya plastiki ngumu ya uPVC. Plastiki hiyo hupoteza ugumu wake katika joto lisilofikia hata la maji yanayochemka. Moto wa jikoni haukuhitaji kuwa mkubwa; moshi wa moto uliotanda chini ya dari ulitosha kuilegeza mpaka ikapinda na kuanguka, na mwanya ukafunguka moja kwa moja kuelekea ndani ya kifuniko cha nje. Tume iliona kwamba moto ulikuwa umekwisha kuingia ukutani kabla askari wa zimamoto hawajaufungua mlango wa jiko. Waliuzima moto wa jikoni, na kwa kawaida hapo kazi ingekuwa imekwisha.

Sasa tazama ukuta wenyewe. Kibao cha Reynobond 55 PE kilichotumika pale kilikuwa na mabati mawili ya alumini, kila moja unene wa nusu milimita, na katikati yake milimita 3 za polithini isiyochanganywa na kitu chochote cha kuzuia moto. Polithini ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa na kiwanda. Ni malighafi ile ile ya madumu yetu ya maji, na kilo moja yake ikiungua hutoa joto linalokaribiana na la kilo moja ya dizeli. Ikipata joto huyeyuka, hudondoka ikiwaka, na matone yake huwasha vibao vya chini wakati miali inapanda juu. Nyuma ya vibao kulikuwa na nafasi ya hewa, na nyuma ya nafasi hiyo povu gumu la kuhami joto ambalo nalo lilikuwa linaungua. Hewa ya moto katika nafasi nyembamba na ndefu kama hiyo hukimbia juu kama katika dohani. Vizuizi vilivyopaswa kuikatiza nafasi hiyo kila baada ya ghorofa vilifungwa vibaya mahali pengi. Kabla ya saa 7 na nusu usiku, yaani muda mfupi baada ya nusu saa tangu simu ya kwanza, moto ulikuwa umefika juu kabisa upande wa mashariki. Huko juu kulikuwa na taji la mapambo lililotengenezwa kwa vibao vile vile, na tume iliona kwamba taji hilo ndilo hasa lililouzungusha moto kwenda pande nyingine za jengo, ambako ukaanza kushuka. Urembo usio na kazi yoyote ya kimuundo ndio uliowafikishia moto watu waliokuwa upande salama.

Ripoti ya kwanza ilitamka wazi kwamba kiini cha polithini ndicho sababu kuu ya moto kusambaa kwa kasi, na kwamba kuta za nje hazikukidhi sharti la kanuni za ujenzi za Uingereza linalotaka kuta ziweze kukabili vya kutosha kusambaa kwa moto. Huo ndio uamuzi wa tume ile ile ambayo mkandarasi wenu anaitaja.

Nikipewa nafasi ya kumjibu mtu kama huyo, ningemweleza kisa cha jengo la Lacrosse jijini Melbourne, Australia. Novemba 2014 sigara iliyoachwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya 8 iliwasha moto, na vibao vya alumini vyenye kiini cha polithini vikaupandisha hadi juu ya jengo hilo la ghorofa 21 kwa takriban dakika 11. Hapakuwa na jokofu lolote katika habari hiyo. Mwaka 2019 baraza la kisheria la jimbo la Victoria lilipogawa wajibu wa hasara, aliyeiacha sigara aliwekewa asilimia 3 tu. Asilimia 97 ziligawanywa kwa mhandisi wa usalama wa moto, mkaguzi aliyeidhinisha jengo, na wasanifu. Mkandarasi alihukumiwa kwanza kuwalipa wenye nyumba zaidi ya dola milioni 5 za Australia, kisha wataalamu hao wakatakiwa kumfidia kwa kadiri ya mafungu yao. Sijui hesabu nyingine inayoeleza kwa uwazi zaidi uhusiano wa cheche na ukuta, na nadhani mwenye jengo lenu atapenda kuisikia kabla hajatia sahihi, kwa sababu inamhusu mfukoni.

Salim wa Deira, Dubai:

Assalamu alaikum. Naishi Dubai, na naomba kutofautiana kidogo na Mhandisi Achieng'. Sikatai kuhusu ukuta. Hapa kwetu tumeuona kwa macho. Jengo la Torch, lenye urefu wa zaidi ya mita 330, liliungua tarehe 21 Februari 2015, likaungua tena tarehe 4 Agosti 2017, mara zote mbili moto ukitembea kwenye vibao vya nje. Hoteli ya Address Downtown iliwaka usiku wa mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 2015, na polisi walisema chanzo kilikuwa nyaya za taa ya kumulika. Lakini katika Torch hakufa mtu, si mara ya kwanza wala ya pili. Melbourne, aliyoitaja Mhandisi mwenyewe, watu zaidi ya 400 walitoka na hakufa hata mmoja.

Basi kama vibao ni vya aina moja, na moto ulipanda kwa kasi kotekote, kwa nini vifo viwe London? Mimi naona jibu liko katika amri waliyopewa wakazi. Waliambiwa wabaki ndani ya nyumba zao wangoje, na amri hiyo haikuondolewa mpaka saa 8 na dakika 47 usiku, karibu saa mbili tangu simu ya kwanza. Kilichoteketeza jengo ni ukuta, ila kilichowaua watu ni kungojeshwa. Ninaogopa kwamba tukiuzungumzia ukuta peke yake, wakazi wa Kinondoni wataondoka na kibao kizuri zaidi huku hawajui watokee wapi.

Mbwana wa Tanga, askari mstaafu wa zimamoto:

Ndugu Salim ametaja jambo ambalo sisi tuliovaa kofia ile hatuwezi kulisoma bila uchungu, na naomba nilieleze kwa haki ya pande zote.

Amri ya kubaki ndani haikubuniwa kwa uzembe. Katika jengo la zege lililogawanywa vizuri, kila nyumba ni sanduku linaloweza kuuzuia moto kwa muda wa kutosha kuuzima. Ukiwatoa watu mia tatu kwa wakati mmoja kwenye ngazi moja, wakakutana na askari wanaopanda na mipira ya maji, unaweza kuwaumiza wengi kwa sababu ya moto ambao ungekwisha katika jiko moja. Grenfell lilikuwa na ngazi moja tu, nayo nyembamba. Kwa hiyo amri ile ilitegemea sharti kwamba moto hautatoka nje ya sanduku ulimoanzia. Ukuta ulipoanza kuwaka sharti hilo lilivunjika, na amri ikabaki bila msingi. Ndiyo maana sikubaliani na Ndugu Salim anapoitenganisha amri na ukuta kana kwamba ni visababishi viwili vinavyoshindana. Ni ukuta ulioigeuza amri ya usalama kuwa hukumu ya kifo.

Pamoja na hayo, siwatetei waliokuwa na dhamana usiku ule. Tume iliona kwamba uamuzi wa kuwatoa watu wote ungeweza kuchukuliwa, na ulipaswa kuchukuliwa, kati ya saa 7 na nusu na saa 8 kasoro dakika 10 usiku, wakati ngazi zilikuwa bado zinapitika. Makamanda wa kwanza hawakufundishwa kuutambua moto wa aina ile wala kuamua kuhamisha jengo zima. Nalo onyo lilikuwepo: tarehe 3 Julai 2009 jengo la Lakanal House, London hiyo hiyo, liliungua kwa moto ulioanzia kwenye runinga mbovu, ukapanda kwa nje, na watu sita waliokuwa wameambiwa wabaki ndani wakafa. Miaka minane ni muda mrefu wa kubadilisha mafunzo.

Kuna jambo la moshi pia, ambalo watu hulisahau wanapotazama picha za miali. Milango mingi ya nyumba za Grenfell haikuwa na kifaa cha kuifunga yenyewe, au kilikuwa kimeharibika, hivyo kila mkazi aliyekimbia aliuacha mlango wazi na moshi ukaingia ukumbini na kwenye ngazi. Lifti nazo askari walishindwa kuzitawala. Ripoti ya pili ilieleza kwamba wale ambao miili yao iliteketea walikuwa tayari wamekufa au kupoteza fahamu kwa hewa yenye sumu kabla moto haujawafikia. Bi Zainabu, mkiwa mnakagua, jaribuni mlango wa kila nyumba: uachieni na muone kama unajifunga mpaka kitasa kinashika. Jaribio hilo halina gharama.

Mwanaidi, Leicester:

Naishi Uingereza tangu zamani na nimeufuatilia uchunguzi huu hadi ripoti ya pili ilipotoka tarehe 4 Septemba 2024. Nawaheshimu wote waliotangulia, ila naona bado tunasimama usiku ule, ilhali ripoti ya pili inarudi nyuma miaka mingi.

Mwaka 1999 moto ulipanda kwa nje ya jengo la Garnock Court huko Irvine, Uskoti, na kamati ya bunge ikataka kanuni zikazwe. Mwaka 2001 vibao vya alumini vyenye polithini vilifanyiwa jaribio kubwa kwa niaba ya serikali, vikawaka kwa ukali, na matokeo hayakutangazwa kwa umma. Mwaka 2004 kampuni iliyotengeneza Reynobond ilipima kibao chake huko Ufaransa kikiwa kimekunjwa kama kisanduku cha kuning'inizwa, matokeo yakawa mabaya kupita kiasi, lakini cheti cha Uingereza cha mwaka 2008 kikatolewa bila soko kulijua hilo. Mtengenezaji wa povu alipitisha jaribio la mwaka 2014 akiwa ameficha ndani yake vibao maalumu visivyoungua. Tume iliita mwenendo huo udanganyifu wa makusudi na wa mfululizo. Kisha katika mradi wenyewe, zinki iliyokusudiwa mwanzoni ilibadilishwa kwa alumini yenye polithini, na karibu pauni 300,000 zikaokolewa. Wasanifu, wakandarasi na washauri wa moto kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyehakikisha usalama. Wakazi waliandika hadharani Novemba 2016 kwamba wasimamizi wao hawatasikia mpaka yatokee maafa, na hawakusikilizwa.

Mwenyekiti alisema vifo vyote vingeweza kuepukika. Polisi wa London bado walikuwa wakichunguza jinai baada ya ripoti hiyo kutoka, na familia zimekwisha kungoja miaka mingi kuliko anavyopaswa kungoja mtu yeyote aliyefiwa. Mtu anaposema mbele yangu kwamba sababu ilikuwa jokofu, nasikia kwamba maamuzi yote hayo yamefutwa na lawama imerudishwa jikoni kwa mpangaji, ambaye alifanya kila alichopaswa kufanya: aliamka, akawaamsha majirani, akaita zimamoto.

Zainabu wa Kinondoni:

Ndugu zangu, nimenufaika kuliko nilivyotarajia, na Mwanaidi umeligusa hasa jambo lililonikera kikaoni bila kujua kulitaja. Nimewapelekea wajumbe wa kamati maelezo ya Mhandisi na ya Mzee Mbwana. Jibu tulilolipata leo kutoka kwa mkandarasi ni kwamba vibao vyake "vimethibitishwa kuzuia moto" na kwamba anacho cheti. Mhandisi Achieng', naomba uniambie kwa lugha ya mtu asiye fundi: nikikabidhiwa cheti hicho niangalie nini, na kuna njia ya kukijua kibao chenyewe bila kutegemea karatasi?

Mhandisi Achieng', Nairobi:

Bi Zainabu, anza na kibao kabla ya karatasi. Omba wakate kipande mbele yenu, kutoka kwenye shehena itakayotumika na si sampuli ya ofisini. Ukitazama ukingo wake utaona alumini mbili na kiini katikati. Rangi ya kiini haitoshi kuamua, kwa hiyo msikubali maelezo ya "cheusi" na "cheupe". Uzito husaidia zaidi: kibao cha milimita 4 chenye polithini tupu huwa na takriban kilo 5.5 kwa mita ya mraba, na chenye kiini kilichojazwa madini ya kuzuia moto huwa na kilo 7 na ushei. Kipande kingine kipelekwe maabara ipime kiasi cha plastiki iliyomo. Fundi akikwangua kiini na kukiwasha uwanjani, kikayeyuka na kudondoka kikiwaka, hiyo ni dalili ya kutosha ya kusimamisha kazi, ingawa kutodondoka hakutoshi kuiruhusu.

Kuhusu cheti, angalia kama kinataja jina kamili la kibao na aina ya kiini, kisha angalia kilipimwa kikiwa kimefungwa namna gani. Mwanaidi amegusia kisa cha Ufaransa: kibao kile kile kilipata daraja moja kilipopigwa ribiti na daraja baya mno kilipokunjwa kuwa kisanduku. Cheti cha mfungo mmoja hakisemi lolote kuhusu mfungo mwingine. Vilevile jaribio la kibao peke yake si jaribio la ukuta. Kilichoungua London ni mkusanyiko wa kibao, povu, nafasi ya hewa na kingo za dirisha. Ulizeni povu gani litawekwa nyuma, vizuizi vya moto vitakaa wapi, na nani atavikagua kabla havijafunikwa, kwa kuwa vikishafunikwa hakuna atakayeviona tena. Uingereza yenyewe mwaka 2018 iliacha kubishana na vyeti kwa majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18, ikapiga marufuku vifaa vinavyoungua katika kuta zake za nje. Nanyi mnaweza kudai vibao vya daraja A2, ambavyo kiini chake karibu chote ni madini. Bei yake ni ya juu zaidi, na hilo mwenye jengo alisikie kwenu mapema.

Majibu yote yaandikwe katika muhtasari wa kikao, yakiwa na jina na sahihi ya mhandisi anayewajibika, na nakala ipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kura. Mkandarasi akikataa kukata hata kipande kimoja mbele yenu, ahirisheni kura.